Mkataba mmoja, majibu mawili: akili unde imeisoma dhamana ya mama kwa namna mbili. Tatizo liko wapi?

#1 Mwana wa Ujiji
Wakuu, salaam. Naleta jambo hili nikiwa na karatasi mkononi na siku chache za kufanya uamuzi.

Mdogo wangu alikopa fedha katika taasisi moja ya mikopo ili aongeze mtaji wa biashara yake ya mawese. Mama yetu, anayeishi Ujiji, alitia saini kuwa mdhamini wake. Mkopo ulikuwa shilingi milioni 8. Baada ya miezi saba mdogo wangu aliongezewa fedha na deni likafika milioni 14. Nyongeza hiyo imeandikwa katika karatasi moja iliyobanwa nyuma ya mkataba. Sasa biashara imeyumba, marejesho yamesimama, na mama ameletewa barua ya kudaiwa.

Mkataba una kurasa tisa za Kiingereza cha kisheria. Nilizipiga picha kurasa zote kwa simu, nikazipakia kwenye msaidizi wa akili unde, na mwanangu anayesoma sekondari akaandika swali kwa Kiingereza. Jibu likasema wajibu wa mdhamini una ukomo wa milioni 8, kwa mujibu wa kipengele cha 11. Usiku huohuo nilianza mazungumzo mapya, nikapakia picha zilezile na kuuliza mwenyewe kwa Kiswahili. Safari hii nikaambiwa kwamba mama anawajibika kwa deni lote, pamoja na riba na gharama za kulikusanya, kwa mujibu wa kipengele cha 4. Majibu yote mawili yamepangwa vizuri, yametaja vipengele, na hakuna hata moja lililoonyesha shaka.

Naomba mnisaidie kuelewa: kwa nini chombo kimoja kisome karatasi zilezile na kutoa hukumu mbili zinazopingana?

#2 Karani Mstaafu
Pole kwa mama. Nimefanya kazi masijala ya mahakama hapa Tabora tangu enzi ambazo mashauri ya Kigoma yalikuwa yanasafiri kwa treni kuja Mahakama Kuu kwetu, na katika kutafsiri nyaraka neno lililonisumbua kuliko yote ni hilo ulilolitumia. Kwa Kiswahili chetu mshtakiwa hutoka rumande kwa dhamana, nyumba huwekwa benki iwe dhamana, mtu humdhamini mwenzake katika mkopo, msikiti na kanisa huwa na bodi ya wadhamini, na timu ya mpira huwa na mdhamini anayeinunulia jezi. Kwa Kiingereza cha sheria hayo ni mambo matano yenye majina matano, na kila moja lina kanuni zake. Mdhamini wa mahakamani anaweza kudaiwa kiasi chote cha bondi mshtakiwa akitoroka, ilhali mdhamini wa mkopo hudaiwa kulingana na maneno ya mkataba wake. Ulipouliza kwa Kiswahili, chombo kililazimika kuchagua maana mojawapo kabla ya kuanza kusoma, na nadhani hapo ndipo kilipopotea njia.

#3 Mgebuka
Naomba kutofautiana na Karani kwa heshima. Mifumo hii hailisomi neno likiwa peke yake. Hulisoma pamoja na maneno yanayolizunguka, na mkataba ulikuwa mbele yake kwa Kiingereza na ukitaja mkopo katika kila ukurasa. Mimi nauliza jambo la kawaida zaidi: picha zilipigwaje? Ukurasa uliobanwa kwa pini hupinda pembeni, mstari wa mwisho huingia kivuli, na ukomo wa milioni 8 unaweza kuwa umebebwa na mstari mmoja tu. Chombo kikiukosa mstari huo hakisemi kwamba kimeukosa. Kinaendelea na kile kilichobaki.

#4 Mwana wa Ujiji
Asanteni. Lakini Mgebuka, picha zilikuwa zilezile mara zote mbili. Kama mstari ulikosekana, ungekosekana kwa Kiingereza pia.

#5 Mgebuka
Si lazima. Inategemea mwanao alizipakia kupitia nini. Picha ikitumwa kwanza kwa WhatsApp hubanwa na kupoteza ubora, na picha nyingi zikipakiwa kwa mkupuo programu huweza kuzipunguza ukubwa. Jina la faili linaweza kuwa lilelile huku kinachosomeka kikiwa tofauti.

#6 Msaidizi wa Kasulu
Habari za leo. Mimi ni msaidizi wa kisheria, mmoja wa wale waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na nyaraka zinazonifikia kwa wingi ni za mauziano ya mashamba zilizoandikwa kwa mkono. Nakubaliana na Mgebuka kwa sababu yamenikuta. Mama mmoja aliniletea karatasi ya mauziano ya shamba, nikaipiga picha na kukiomba chombo kinipangie muhtasari. Kilinipangia vizuri sana, isipokuwa ekari 3 zilisomwa kuwa ekari 8, kwa sababu aliyeandika alikuwa na tabia ya kuifunga namba tatu. Ningeupeleka muhtasari ule barazani bila kuulinganisha na karatasi, mama yule angeonekana anadai shamba la jirani yake.

Kuna kosa la pili ambalo ni kubwa zaidi, nalo halikutokana na picha. Karatasi ile ilikuwa na muuzaji, mnunuzi, mashahidi wanne na bei, na chombo kikaniambia kwamba mauziano yamekamilika. Hakikuuliza kama halmashauri ya kijiji iliridhia. Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, na mahakama zetu zimekwisha kuyatengua mauziano ya namna hiyo kwa kukosa ridhaa ya kijiji. Karatasi haikutaja ridhaa, na chombo kikachambua kile tu kilichoandikwa. Mtu aliyekulia Kasulu angeanza na muhuri wa kijiji kabla hajasoma neno la kwanza.

#7 Bani la Urambo
Mimi nitakisemea vizuri, kwa sababu kwetu kimetusaidia na si haki kukinyamazia. Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku. Msimu mmoja tuliletewa mkataba mrefu wa kilimo, bei zikiwa kwa dola na makato ya pembejeo kwa shilingi, na tulipewa siku tatu za kuusoma. Nilikiomba chombo kitaje kila mahali ambapo chama kinawajibika kwa kosa la mwanachama mmoja. Kikanionyesha sehemu tatu, na mojawapo ilikuwa imejificha katika kiambatisho cha mbolea: deni la pembejeo lilikuwa la chama kizima, maana yake mkulima aliyekausha tumbaku yake usiku na mchana katika bani, yaani banda la kukaushia kwa moto, na kuuza kihalali angekatwa kwa ajili ya yule aliyetorosha marobota. Tulikwenda kwenye mkutano mkuu tukiwa tunajua la kuuliza, na sehemu mbili kati ya hizo zikabadilishwa kabla ya kutia saini.

Tofauti na Mwana wa Ujiji ni kwamba sikuuliza nani ana haki. Niliuliza yameandikwa wapi, kisha nikafungua ukurasa na kusoma mwenyewe, neno kwa neno, na kijana mmoja aliyehitimu chuo akinifafanulia Kiingereza.

#8 Mwalimu wa Nzega
Hoja ya Bani ni nzito. Kabla ya kulaumu lugha au kamera, Mwana wa Ujiji, tuwekee maswali mawili kama yalivyoandikwa, bila kuyarekebisha. Vyombo hivi vina tabia inayojulikana ya kuelekea upande ambao muulizaji ameuegemea.

#9 Mwana wa Ujiji
Nimerudi kuyatazama. Swali la mwanangu, kwa tafsiri, lilikuwa: «Je, kuna kipengele kinachomlinda bibi yangu asilipe zaidi ya kiasi alichokubali?» Langu la Kiswahili lilikuwa: «Mama yangu ni mdhamini. Je, kwa mkataba huu watamdai deni lote?» Nakiri kwamba nililiandika nikiwa na hofu.

#10 Mwalimu wa Nzega
Basi tazama. Mwanao aliomba kipengele kinacholinda, akaletewa kipengele kinacholinda. Wewe ulieleza hofu, ukaletewa kipengele kinachoitimiza. Inawezekana vyote viwili vimo kweli katika mkataba, na kila swali lilivuta upande wake.

Naongeza jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Hata ukiuliza swali lilelile, kwa lugha ileile, mara tano katika mazungumzo mapya, unaweza kupata majibu yasiyolingana, kwa sababu chombo huunda sentensi kwa kuchagua neno linalofuata kutokana na uwezekano, na katika uchaguzi huo mna bahati nasibu kidogo. Pale ambapo mkataba uko wazi, kwa kawaida majibu matano hufanana. Yakitofautiana, hiyo yenyewe ni taarifa.

#11 Wakili wa Mwanga
Nimesoma uzi huu tangu juu. Sitatoa ushauri wa shauri nisilolishika mkononi, lakini kuna mambo ya sheria ambayo yanafaa kuwekwa sawa.

Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inasema wajibu wa mdhamini unalingana na wajibu wa mkopaji mwenyewe, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Kwa hiyo jibu la Kiswahili limeeleza kanuni ya jumla na jibu la Kiingereza limeeleza hali ya pekee isiyofuata kanuni hiyo. Kama kipengele cha 4 kinataja deni lote na kipengele cha 11 kinaweka ukomo, basi mgongano umo ndani ya mkataba, na kuutatua ni kazi ya kusoma mkataba mzima, wala si ya kuchagua kipengele kimoja.

Lakini swali ambalo hakuna aliyeuliza, binadamu wala mashine, ni hili: mama alishirikishwa katika nyongeza ya milioni 6? Sheria hiyohiyo inasema mkopeshaji na mkopaji wakibadilisha masharti bila ridhaa ya mdhamini, mdhamini huondolewa wajibu kwa miamala inayofuata mabadiliko hayo. Mikataba mingi ya mikopo huweka sentensi ya kuuzima ulinzi huo mapema, kwa hiyo tafuta pia sentensi ya namna hiyo. Naomba utazame karatasi ile ya nyuma na utuambie nani ametia saini, na ametia kama nani.

Na je, jibu lolote kati ya hayo lilitaja namba ya kifungu cha sheria?

#12 Mwana wa Ujiji
La Kiswahili lilitaja «kifungu cha 128 cha Sheria ya Mikataba». Karatasi halisi ya nyongeza iko kwa mdogo wangu, nitaifuata kesho.

#13 Wakili wa Mwanga
Nilidhani hivyo. Kifungu cha 128 kuhusu mdhamini kimo katika Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872. Sheria yetu iliyotungwa 1961 ilichukua sehemu kubwa ya maneno yake kutoka huko, na kanuni hiyo kwetu iko kifungu cha 80. Maneno yanafanana kiasi kwamba chombo kilichojazwa maandishi mengi ya India hakioni mpaka. Hapa kosa halikudhuru, kwa kuwa kanuni ni ileile. Kwenye ardhi kosa la aina hiyo linaangamiza: nimeletewa uchambuzi uliozungumzia umiliki wa ardhi wa moja kwa moja usio na kikomo, kama ulivyo katika nchi nyingine, wakati Tanzania ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mwananchi anayo haki ya kuitumia na kuikalia.

#14 Karani Mstaafu
Wakili ametaja «udhamini wa Rais», na kwa hilo neno langu limerudi tena, safari hii kwa maana ile ya bodi ya wadhamini. Nashukuru kwa kuniongezea ushahidi.

#15 Chifu wa Uyui
Wakili, naomba kurekebisha marekebisho yako. Kifungu cha 80 ni namba ya matoleo ya zamani. Sheria zetu zina Toleo la Urekebu la mwaka 2023, lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2025, na katika sheria kadhaa vifungu vimepangwa upya. Msomaji asinakili namba yoyote kutoka humu, iwe ya mashine au ya wakili, bila kulifungua toleo hilo. Hili ndilo linalonifanya niamini kwamba tatizo la vyombo hivi kwa sheria za Tanzania ni la wakati: vimesoma hukumu na maandishi ya miaka mingi yenye namba za zamani, na namba mpya bado ni chache.

#16 Wakili wa Mwanga
Napokea marekebisho, na ni ya haki. Nilitaja namba kwa mazoea ya Toleo la 2002.

#17 Mzee wa Isevya
Vijana, kuweni waangalifu. Nimesikia Marekani wakili mmoja amefungwa jela kwa kupeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na mashine.

#18 Chifu wa Uyui
Shikamoo mzee. Hakufungwa. Ilikuwa New York, mwaka 2023, katika shauri la abiria dhidi ya shirika la ndege la Avianca. Mawakili wa abiria waliwasilisha hoja zenye hukumu sita ambazo hazikuwahi kutolewa na mahakama yoyote. Zilitungwa na ChatGPT, na wakili alipoiuliza kama ni za kweli ikamhakikishia kwamba ni za kweli. Jaji aliwatoza mawakili hao pamoja na ofisi yao faini ya dola 5,000. Uingereza nako Mahakama Kuu ilitoa onyo kali kwa mawakili mwezi Juni 2025 kwa jambo la aina hiyohiyo.

Wapo wanaosema dawa ni kutumia vyombo vilivyotengenezwa maalumu kwa sheria. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivipima baadhi ya vyombo hivyo mwaka 2024 na kukuta vinabuni au kukosea katika asilimia 17 hadi 33 ya maswali waliyoviuliza, navyo vinasoma sheria za Marekani, ambazo maandishi yake mtandaoni ni mengi kuliko yetu mara nyingi.

#19 Mzee wa Isevya
Marahaba. Asante kwa kunisahihisha.

#20 Asali ya Sikonge
Naomba niulize kidogo nje ya njia. Humu mnaandika akili unde, watoto wangu wanasema akili mnemba. Lipi ni sahihi? Kitu ambacho hata jina lake halijatulia, tunakikabidhije jambo la mama?

#21 Karani Mstaafu
Yote mawili yanatumika, dada, na wataalamu wa lugha bado wanavutana. Unde linatokana na kuunda. Mnemba lina harufu ya kitu kinachofanana na halisi bila kuwa halisi. Kwa uzi huu la pili lingefaa zaidi, ila nimezoea la kwanza. Kuhusu kukikabidhi kazi, Mahakama ya Tanzania yenyewe imeanza kutumia mfumo wa akili unde katika kunukuu na kutafsiri mwenendo wa mashauri, lakini hakimu bado anasoma na kusaini. Mwendo huo sioni kosa lake.

#22 Kijana wa Gungu
Mimi nashangaa kwa nini mkataba uwe wa Kiingereza. Tangu 2021 sheria zote na mikataba yote Tanzania ni kwa Kiswahili. Mama anaweza kuupinga mkataba kwa sababu hiyo tu.

#23 Wakili wa Mwanga
Hapana, ndugu yangu, na nakusihi usimshauri mtu hivyo. Sheria Namba 1 ya mwaka 2021 ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na lugha ya mahakama. Haikubatilisha mikataba ya watu binafsi kwa kuwa imeandikwa kwa Kiingereza, na kazi ya kuzitafsiri sheria zenyewe ni ndefu. Mama kutoelewa alichosaini ni hoja tofauti, nayo inahitaji ushahidi: nani alimsomea, kwa lugha gani, na mbele ya nani.

#24 Asali ya Sikonge
Hilo la kusomewa limenigusa. Nimewahi kuwa mdhamini katika kikundi cha ufugaji wa nyuki, na nilionyeshwa mahali pa kuweka saini kwa kidole bila kufunuliwa ukurasa mwingine. Chombo hiki kingekuwepo wakati ule, hata kwa makosa yake, ningejua angalau kwamba nyuma ya ule ukurasa kulikuwa na kurasa saba.

#25 Mgebuka
Kweli kabisa.

#26 Binti wa Kibirizi
Samahani kwa kuingia nikiwa nimechelewa. Kuna jambo linanitia hofu kuliko mgongano wa majibu. Mkataba wa mkopo una jina kamili la mama, namba yake ya kitambulisho cha taifa, namba ya simu, mahali anapoishi na saini yake, na vyote hivyo vimepakiwa mara mbili kwenye kampuni iliyo ng'ambo. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023, na Tume yake ipo, lakini sheria haiwezi kuirudisha picha uliyoituma kwa hiari yako. Funika majina na namba kwa vipande vya karatasi kabla ya kupiga picha. Chombo hakihitaji kujua jina la mama ili kisome kipengele cha 11.

#27 Msaidizi wa Kasulu
Binti wa Kibirizi amesema neno la maana. Mimi huandika «Mdhamini», «Mkopaji» na «Mkopeshaji» juu ya vipande hivyo. Nimeona pia kwamba muhtasari hutoka safi zaidi majina yanapoondolewa, hasa kwetu ambako baba na mwana wanaweza kuitwa jina moja katika karatasi moja.

#28 Bani la Urambo
Wakili, nina swali ambalo litamsaidia Mwana wa Ujiji pia. Nyumba ya mama ikiwa imo katika mkataba, inaweza kuuzwa baada ya siku ngapi? Jirani yangu aliambiwa siku 14, na chombo kikamwambia siku 60.

#29 Wakili wa Mwanga
Zote mbili zipo, kwa mambo tofauti. Kwa rehani, Sheria ya Ardhi kama ilivyorekebishwa mwaka 2008 inataka mkopaji aliyeshindwa kulipa apewe notisi ya siku 60 kabla mkopeshaji hajatumia haki ya kuuza. Siku zisizopungua 14 ni za kuutangaza mnada wa ardhi kwa umma. Jirani yako alisikia nusu moja kwa mtu na nusu nyingine kwa mashine.

Lakini tusiende mbio. Kuwa mdhamini na kuweka nyumba rehani ni mambo mawili. Mwana wa Ujiji, mama alisaini hati ya rehani, au alisaini dhamana yake mwenyewe tu? Kama hakuna rehani, mkopeshaji anapaswa kwenda mahakamani kwanza. Na nyumba imeandikwa jina la nani?

#30 Mwana wa Ujiji
Nyumba imeandikwa jina la marehemu baba. Mirathi haijafunguliwa.

#31 Wakili wa Mwanga
Basi hapo kuna mlima mwingine. Nyumba ambayo mirathi yake haijafunguliwa ina warithi wote ndani yake, na anayeweza kuishughulikia ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Ona, tumefika ujumbe wa 29 ndipo swali hili likatokea. Mteja akikaa mbele yangu ningeliuliza kabla hajamaliza chai.

#32 Mwalimu wa Nzega
Kwa haki ya chombo, wakili, hakikuambiwa kuwa baba ni marehemu. Nawe ulijua kuuliza kwa sababu umeona familia nyingi. Ningependa Mwana wa Ujiji akipe taarifa hizo zote sasa, bila majina, kisha akiombe kiorodheshe maswali ambayo wakili angemuuliza. Naamini swali la mirathi litakuwemo.

#33 Chifu wa Uyui
Linaweza kuwemo, Mwalimu, lakini umekwisha kukipa jibu ndani ya swali. Hilo ni kosa lilelile ulilolionyesha katika ujumbe wa 10.

#34 Mwalimu wa Nzega
Nakubali kwa sehemu. Hata hivyo kumweleza daktari dalili zote si kumfundisha ugonjwa.

#35 Mwana wa Ujiji
Wakuu, nimerudi na mambo matatu.

Kwanza, nimefuata wazo la Mwalimu. Nimefunika majina kama alivyoshauri Binti wa Kibirizi, nikapiga picha upya kurasa zikiwa zimebanduliwa pini, na kuuliza swali moja lisiloegemea popote: «Wajibu wa mdhamini ni kiasi gani, na ni vipengele gani vinavyohusu jambo hilo?» Nimeuliza mara tano kwa Kiswahili. Mara tatu limetaja vipengele vyote viwili na kusema vinapingana. Mara moja limesema deni lote. Mara moja limesema ukomo ni milioni 14, jambo ambalo halikuwemo kabisa katika majibu ya awali. Mwanangu ameuliza mara tano kwa Kiingereza, na zote tano zimetaja mgongano.

Pili, Mgebuka alikuwa na haki kuhusu pini. Katika picha za kwanza, mstari wa mwisho wa ukurasa wa 6 umekatika, nao ndio unaosema kipengele cha 4 kisomwe «kwa kuzingatia kipengele cha 11».

Tatu, nyongeza. Ina saini ya mama. Lakini imewekwa kwenye nafasi ya shahidi. Nafasi ya mdhamini iko wazi. Mama anakumbuka kuitwa ofisini na kusaini karatasi moja, na hakusomewa.

#36 Karani Mstaafu
Kiingereza tano kwa tano, Kiswahili tatu kwa tano, picha zilezile, swali lilelile. Naona hoja yangu ya lugha bado imesimama.

#37 Mgebuka
Imesimama, ila mstari uliokatika ndio ulioanzisha yote.

#38 Mwalimu wa Nzega
Mara tano ni chache mno kwa kuhukumu kati yenu wawili. Ukirusha sarafu mara tano unaweza kuona upande uleule mara zote tano. Na mstari ulikuwa umekatika kwa mwanao pia usiku ule, lakini alipata jibu la ukomo. Hilo hamjalieleza.

#39 Wakili wa Mwanga
Mimi ninachokiona ni saini kwenye nafasi ya shahidi. Shahidi anathibitisha kwamba ameona wengine wakisaini; mkopeshaji atasema kuwepo kwake pale ni ridhaa, nawe utasema mdhamini aliyeombwa ridhaa angesaini kama mdhamini. Je, chombo kiliitaja saini hiyo hata mara moja katika majibu yale kumi?

#40 Mwana wa Ujiji
Hapana. Mara mbili kiliandika kwamba «nyongeza imesainiwa na pande zote».

#41 Wakili wa Mwanga
Yachapishe majibu hayo, uyaweke pembeni, na usiyaambatanishe na barua yoyote kwa mkopeshaji. Mama asilipe wala asiandike chochote cha kukiri deni kabla ya kuonana na wakili. Mlete pamoja na mkataba halisi, bahasha ya barua ya madai ikiwa na tarehe, na cheti cha kifo cha baba.

#42 Mwana wa Ujiji
Ahsanteni sana nyote. Jumatatu asubuhi tunakwenda na mama. Nimemsomea uzi huu wote jana jioni, kwa sauti, na amenisimamisha mahali pamoja tu: anasema siku ya nyongeza kulikuwa na karatasi mbili mezani, wala si moja.

#43 Msaidizi wa Kasulu
Basi dai nakala ya hiyo ya pili kwa maandishi kabla ya Jumatatu.